Majaketi ya Sampuli

Waliokuwepo siku ile ni hawa: mdogo wangu, ambaye ni kitinda mimba wa mama yetu; mzee aliyempangisha chumba, ambaye ni mvuvi wa kombe; mke wa mzee huyo; jirani yao, mwanamume mjane asiyependa maneno mengi; na mimi. Mbwa wa jirani naye alikuwepo, lakini alilala tu. Mdogo wangu na mzee walikuwa majini. Sisi watatu tulibaki gatini, na ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, hata usingeweza kusema maji yanaanzia wapi.

Ninaandika haya Guangzhou, katika chumba changu nyuma ya Barabara ya Huanshi, juu ya mgahawa unaopika wali wa Kisomali. Hapa nimeishi miaka mingi nikiwanunulia watu wa nyumbani nguo za watoto. Kelele za hapa sizisikii tena. Lakini nguo iliyolowa ikinigusa mkono, moyo unaruka, na huwa nasimama kidogo mpaka utulie.

Sisi ni watu wa bara, wa Tabora. Baba alitangulia, mama akafuata kabla arobaini ya baba haijafika. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Sikurudi shule. Niliuza mitumba, kisha nguo mpya, kisha nikaja huku kuzifuata kiwandani. Mdogo wangu alisoma kwa niaba yangu, na alisoma vizuri mno, kwani shule zilimchukua na kumpeleka mbali nami kila mara. Mara ya mwisho zilimpeleka Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote Marekani, kusomea viumbe wa baharini.

"Bahari?" nilimuuliza. "Wewe uliyekuwa unaogopa pipa la maji?"

"Dada, wewe ndiye uliyekuwa unaliogopa. Mimi ulinikataza tu."

Ilikuwa kweli. Bahari niliijua kama mahali kontena linapopotelea, halafu mteja anapiga simu kukutukana. Nimepakia mizigo ya watu mpaka vidole vimepinda, lakini sikuwahi kukanyaga chombo chochote cha majini. Basi aliponiambia kwamba kila wiki anatoka na mzee mmoja kwenye kimashua, kuwapima kombe, wale viumbe wa magamba mawili wanaofukuliwa matopeni, usingizi ulinipungua.

"Una jaketi la kuokolea?" nikamuuliza.

"Lipo, dada."

"Jipya?"

"La zamani, ila linaelea."

Neno hilo, la zamani, lilinikaa kifuani. Mwaka uliofuata, alipokaribia kumaliza masomo, niliamua kwenda kumwona. Katika ubalozi mdogo wa Marekani hapa Guangzhou, yule wa dirishani aliniuliza nakwenda kwa nani. Kwa woga nikasema kwa mwanangu, kisha nikasahihisha, mdogo wangu. Alizifunua karatasi zangu upya. Nilidhani nimejifungia mlango mwenyewe. Akaniuliza nani alimlea. Nikasema mimi. Akasema basi, viza imepita.

Nilitafuta zawadi kama wanavyotafuta watu wa kazi yangu. Siku ya mwisho ya maonyesho ya biashara ya Pazhou, wenye vibanda hawataki kurudi kiwandani na vitu vilivyotundikwa, na sisi tunaojua tunapita jioni kuviokota kwa bei ya bure. Nilikwenda na rafiki yangu Mkongo, mama wa Kalemie anayenunua viatu. Kwenye kibanda kimoja walisimama watu wa plastiki waliovaa majaketi ya kuokolea, ya rangi ya machungwa, yenye utepe unaong'aa na vifungo vyeusi. Nilishika mshono. Ulikuwa mshono mzuri kabisa.

Muuzaji alikuwa anakunja mabango. Alinipungia mkono bila kugeuka. "Yangpin, yangpin." Sampuli.

"Ma sœur," rafiki yangu akasema, akiniita dada kwa Kifaransa, "ile si ya kuuzisha. Ni ya kuonyesha watu."

"Sampuli ndiyo nzuri kuliko zote. Wewe hujui?"

Na kwa nguo ni hivyo. Kila ajenti wa Guangzhou anajua kwamba sampuli hushonwa na fundi bora kwa kitambaa bora, ili utoe oda. Mzigo wenyewe ukifika, ndipo unakuta mshono umelegea. Ndiyo maana sampuli tunazigombania, na nyingi tunawavalisha watoto wetu wenyewe. Sikuwaza kwamba nguo huvaliwa na mtu anayepita barabarani, lakini jaketi lile lilishonwa kwa mtu wa plastiki ambaye hataingia majini maisha yake yote.

"Haya, beba," rafiki yangu akacheka. "Na huyo bwana wa plastiki umubebe pia. Atakufundisha kuogelea."

Nilichukua matatu: la mdogo wangu, la mzee wa mashua na la mkewe.

Mdogo wangu alinipokea uwanja wa ndege akaliona sanduku langu, nililolizungushia mkanda wa manjano kila upande na kuliandika kwa kalamu nene kama mzigo wa meli. Alicheka hadi akakaa chini.

"Dada, umekuja kutembea au unashusha kontena?"

Nilimpiga kofi la bega. Alikuwa amenenepa kidogo, na mikono yake ilikuwa migumu, ina michubuko. Nilimshika mikono ile njia nzima.

Mji aliokaa ulikuwa mdogo, wa nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyeupe na kijivu. Ulikuwa na ukimya ambao ulinitisha tangu siku ya kwanza. Barabarani hapakuwa na mtu, na ndani ya nyumba mbao zililia zenyewe. Nyumba kadhaa zilikuwa na kibaraza juu kabisa ya paa, kimezungushiwa uzio. Mdogo wangu alisema wake za manahodha walikuwa wakipanda pale kuangalia kama meli zinarudi.

"Na zisiporudi?"

"Wanaandikwa pale," akasema, akanionyesha jiwe refu karibu na bandari, limejaa majina ya wanaume kutoka juu mpaka chini. Mengine yalifanana ukoo, baba na wana. Sikutaka kulisoma. Alinipeleka pia kwenye nyumba ya makumbusho ya meli, ndani ina kamba, nanga na michoro ya vyombo vya matanga, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baadhi ya meli za bandari hizi zilikwenda Afrika kuchukua watu. Alisema kama mtu anayesoma kitabu. Mimi nilitoka nje, nikasimama mahali penye jua.

Jioni niligawa zawadi. Mzee alilivaa jaketi lake palepale sebuleni, juu ya sweta, akajipiga kifuani kwa viganja viwili. Mkewe alinikumbatia. Walikuwa watu wema kupita kiasi, na wema wao ndio uliokaribia kutuua, kwa sababu mama yule alikwenda mashuani akayatoa majaketi ya zamani na kuyaning'iniza katika banda lao kando ya gati. Hakutaka mgeni aone zawadi yake imelazwa chini ya yale yaliyochakaa. Hata sisi Tabora tungefanya vivyo hivyo.

Kesho yake asubuhi walitoka. Palikuwa na ukungu mwepesi, na mzee alisema utaondoka jua likipanda. Mdogo wangu alisimama katika kimashua, jaketi la machungwa limembana kifuani, akanipungia mkono.

"Umependeza," nikamwambia.

"Kama taa za barabarani, dada! Hata kipofu ataniona."

Jua lilipanda na ukungu ukazidi. Saa ya kurudi ilifika, ikapita. Mama mwenye nyumba alileta chai gatini, akaiweka juu ya pipa, na hakuna aliyeinywa. Alikuwa na redio ndogo ya mawasiliano mkononi. Aliita, akasubiri, akaita tena. Redio ilitoa mkwaruzo tu. Jirani alikuwa upande wa pili wa gati akiparua rangi ya mashua yake, mashua ya mbao aliyoijenga baba yake. Kila mama alipoita redioni, jirani aliacha kuparua.

Mimi nilikaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Nilijiambia moyoni: wana majaketi. Hata mashua ikipinduka, wana majaketi. Nililishika wazo hilo kama mtu anayeshika ukingo wa kitanda.

Baridi ilinizidi. Mama aliona natetemeka, akaenda bandani akaniletea jaketi lake, lile la tatu, ili nijifunike. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na jaketi lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nje ya banda, chini ya mfereji wa paa. Nilipolipokea, mkono ulishuka. Lilikuwa zito kama mtoto.

Mimi nimeshika vitambaa maisha yangu yote. Kabla akili haijasema kitu, vidole vilikuwa vimeshajua. Nililiminya. Maji yalitoka, yakashuka kiganjani, yakaingia ndani ya mkono wa koti langu mpaka kwenye kiwiko. Nililiminya tena mahali pengine na maji yakatoka tena. Ndani mlikuwa na sponji, sponji ya godoro, iliyowekwa ili kifua cha mtu wa plastiki kionekane kimejaa.

Nilijaribu kusema. Kiingereza changu ni cha sokoni, kinajua rangi, ukubwa, na bei ya mwisho. Nilisema, "Hii mbaya, hii mbaya sana," na mama akadhani nalalamikia baridi, akaanza kunivua koti lililolowa ili anipe blanketi. Jirani alikuwa ametugeukia. Nikasimama, nikaenda ukingoni mwa gati, mahali ambapo tangu nifike sikuthubutu kusogea, nikalitupa jaketi majini.

Lilielea kidogo. Lilijigeuza, utepe wake ukang'aa, kisha upande mmoja ukazama, ukavuta mwingine. Tuliiangalia rangi ya machungwa ikigeuka kahawia, halafu hatukuiona tena.

Mama aliweka kiganja mdomoni. Macho yake yalikwenda bandani, kwenye yale majaketi ya zamani yaliyoning'inia, yaliyopauka, mawili.

Jirani alikwenda bandani. Aliyachukua majaketi yale, akaiwasha injini ya mashua yake ambayo nusu ilikuwa na rangi na nusu haina, akafungua kamba. Mama alikuwa akizungumza na walinzi wa pwani redioni. Niliambulia neno moja moja, wanakuja, upande mwingine, subirini. Jirani alininyooshea mkono.

"Njoo," alisema. "Mwite. Kwa lugha yenu."

Miguu yangu ilikataa. Siandiki hivi kwa kupamba. Niliiambia iende na haikwenda. Kisha nilifanya kama nilivyofanya siku ya msiba wa mama yetu, nilipotakiwa kuingia ndani kwanza kabla ya mdogo wangu: nilifumba macho na kuhesabu kwamba mimi ndiye mkubwa, hakuna mwingine nyuma yangu wa kumsukuma aende. Nilikaa chini, nikateleza kwa makalio mpaka ndani ya mashua. Mbwa alinyanyua kichwa kutuangalia.

Gati lilipotea mara moja. Sikujua kwamba ukungu unaweza kuwa hivyo. Mtu niliyekuwa naye mashua moja alikuwa kivuli. Nilikaa sakafuni, nimeushika ubao kwa mikono miwili. Chini ya ubao nilisikia maji yakipita, karibu sana, kama mtu anayepumua upande wa pili wa pazia. Nyuma yetu mama alianza kupiga kengele ya shaba iliyokuwa barazani kwake, ili tujue nyumbani ni wapi. Jirani alipiga honi, akazima injini, akanielekezea kidole.

Nikaita. Nilimwita kwa jina la nyumbani, lile ambalo walimu wake hawalijui. Nikasikiliza. Hakuna kitu. Tukasogea, honi, kimya, nikaita. Sauti yangu haikwenda popote, ilirudi usoni kama kitambaa. Nilianza kuongea hovyo. Nilimwambia njoo ule, njoo uoge, nani amekuruhusu kutoka, maneno yote niliyokuwa nikimpigia kelele mlangoni Tabora alipokuwa mdogo. Jirani alinitazama, hakuelewa hata moja, lakini aliniashiria niendelee.

Nyumbani kwetu nilikuwa na amri moja. Nikimwita mdogo wangu asinijibu "nini." Ajibu "naam," hata kama amekasirika, hata kama yuko juu ya mti. Alilalamika sana kwamba namfanya askari.

Nilikuwa nimeshakauka koo nilipoisikia.

"Naam!"

Ilikuwa nyembamba, imetoka kushoto. Nikapiga yowe. Jirani aligeuza mashua.

"Naam, dada!"

Tuliwakuta juu ya mwamba, au tuseme mahali ambapo mwamba ulikuwa kabla maji hayajajaa. Kamba ya mtego wa mvuvi mwingine ilikuwa imejiviringisha kwenye panga la injini yao, mkondo ukawasukuma, kimashua kikagonga mwamba kikajaa maji. Walikuwa wamesimama, maji yako kifuani mwa mzee na tumboni mwa mdogo wangu, wameshikana mabegani. Mzee alikuwa amelivua jaketi lake. Mdogo wangu alikuwa bado amelivaa, limemning'inia, limemvuta shingo mbele kama mtu aliyebeba gunia kifuani. Kila wimbi likija alikwenda nalo, na mzee alimrudisha.

"Livue!" nilimpigia kelele. "Livue hilo!"

"Kifungo hakifunguki!"

Jirani angeweza kukaa mbali na kutupa kamba. Aliangalia namna mdogo wangu alivyokuwa akiinama, akaona kamba haitamfaa mtu yule. Akaiingiza mashua palepale kwenye mwamba. Niliusikia ubao ukivunjika chini yangu, mlio mkavu, na maji baridi yakaja kwenye mapaja. Sikumwangalia jirani. Nilimshika mdogo wangu kwenye kola, na jirani akainama na kisu akazikata kamba za jaketi, moja, nyingine, likaondoka lenyewe likazama. Mdogo wangu alikuwa mwepesi sana baada ya hapo. Nilimvuta akaniangukia, na mzee akapanda nyuma yake.

Tulirudi tukiifuata kengele, mzee na mdogo wangu wakichota maji kwa ndoo, mimi kwa kiatu changu. Jirani alikuwa amevua koti lake na kulisokomeza kwenye tundu, na alilikanyaga kwa mguu mmoja njia nzima. Meno ya mdogo wangu yaligongana. Katikati ya kugongana huko akasema, "Dada, siku nyingine niletee soksi tu." Sikuweza kucheka. Nilimpiga kofi la bega, halafu nikaushika mkono wake na sikuuachia hata daktari alipokuja.

Mashua ya jirani ilitolewa majini kesho yake. Mbao za chini zilikuwa zimevunjika, na ubavu mmoja wa ndani umepasuka. Mzee alinieleza kwa ishara na michoro kwamba ni mashua ambayo baba wa jirani aliijenga kwa mti wa zamani, na mafundi wa siku hizi hawana mti ule. Mashua hiyo ndiyo kazi ya jirani, hana nyingine. Nilimwendea jirani na bahasha ya pesa. Aliirudisha mfukoni mwangu yeye mwenyewe, akakifunga kifungo cha mfuko. Nikamwambia nitamnunulia mashua ya plastiki ngumu, nzuri, Guangzhou zipo. Hapo alitabasamu kidogo na kutikisa kichwa. Alinionyesha mdogo wangu aliyekuwa amekaa barazani, amejifunika mablanketi, akasema, "Yupo." Kisha akarudi kwa mbwa wake.

Sasa nipo hapa tena, napita soko la nguo la Liuhua asubuhi, napokea oda, nabishana na mabosi kuhusu mishono. Kila kitu kilichojazwa ndani nakibonyeza. Nimewauliza wauza mbao wa huku kama wana mti kama ule wa mashua, mpaka nje ya mji nimekwenda. Mmoja aliniletea ubao mzuri mwekundu, nikaupiga picha, mdogo wangu akamwonyesha mzee, na mzee akasema hapana, huo utaoza. Mdogo wangu huenda kila Jumamosi kumshikia jirani taa na misumari. Anasema ndiyo malipo yake, na huenda kwake yanatosha. Lakini aliyenunua sampuli ni mimi, na mkubwa wa nyumba yetu ni mimi.

Msimu wa kombe umepita, na mwingine umeanza. Jumamosi iliyopita mdogo wangu alinitumia picha. Mashua iko juu ya magogo nyuma ya nyumba ya jirani, tundu bado liko wazi, na jirani amelifunika turubai la bluu ili mvua isiingie.